Nani atasema imetosha

Kuna wimbo mmoja ulinikalia kwenye laptopu miezi saba. Si kwamba ulikuwa mbaya, ulikuwa mzuri tangu wiki ya pili, lakini kila nkifungua naongeza kitu, nkifunga naona bado, kesho nafungua tena nakitoa kile cha jana naeka kengine, faili likafika namba 41 na mie nikawa siwezi tena kusikia kama wimbo unacheza au umelala. Hiyo ilikuwa 2021, nshatoka kwenye kundi letu la muziki, niko peke yangu chumbani Mwanakwerekwe, feni inazunguka, na ndo siku nlizojua khasa nini kimenipotea. Watu walikuwa wakinambia sasa uko huru, hugawani pesa na mtu, hugombani na mtu, na yote hayo kweli. Ila kulikuwa na mtu mmoja kwenye lile kundi kazi yake kubwa, kuliko hata kupiga fidla, ilikuwa kusema "imetosha." Nlikuwa sijui kama ile ni kazi.

Vijana wengi wananiuliza nibaki na wenzangu au nitoke, na mie jibu la neno moja sina, kwa hiyo naeleza nlivyopita mie, kila mtu achukue kinachomfaa.

Muziki wa kompyuta nimeanzia Kikwajuni kwa kaka mmoja aliyekuwa na kompyuta ya mezani na FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ya kukopi kwenye flashi. Biti yangu ya kwanza ilikuwa mwendo wa 140, yaani mapigo 140 kwa dakika, na sikuichagua hiyo 140, toleo lile la zamani likifunguka lenyewe linakaa 140 na mie sikujua kama inabadilishwa. Nikawa natengeneza vitu vya kasi kasi vya kufanana na nlivyovisikia kwenye redio. Halafu ukaja ule wakati wa kiza. Wakubwa wanakumbuka, Unguja ilikosa umeme mara mbili, mara ya kwanza Mei mpaka Juni 2008, mara ya pili ndo ile ndefu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima hakina umeme kwa sababu ya hitilafu ya ule waya wa chini ya bahari unaotoka bara na kuingilia Fumba. Jenereta zinanguruma kila pahala, mafuta ghali, na mie kompyuta siioni.

Sasa harusi hazikusimama. Na mtaani kwetu nyengine zilikosa hela ya jenereta la kuendesha spika usiku kucha, wakaita kidumbak, ngoma ya harusi isiyotaka umeme. Nlikuwa nshakisikia zamani kwa mbali, kama kitu cha bibi zetu, lakini ile miezi nlikaa karibu, karibu kabisa, nikaona wanavyopasha ngozi za vile vidumbak viwili motoni kabla ya kuanza, nikaona sanduku, lile sanduku lenye kijiti na kamba moja ndo besi, mzee kalikanyaga kwa mguu anaivuta ile kamba na kuilegeza, na sauti inatoka nene inaingia tumboni, hapana waya, hapana amplifaya. Kuna mkwasa, vile vijiti vinavyogonganishwa, kuna cherewa za vifuu vya nazi, na fidla juu inalia. Wanawake wanacheza mpaka mchanga unaruka. Mie nimesimama nafikiri jambo moja tu, kwamba hii ndo muziki wa densi, wanaouita wa klabu, na uko kwetu miaka yote hii.

Kundi tukaliunda 2013, watu watatu. Jina sitolitaja. Mie wa biti. Wa pili tulikuwa tukimwita Mpemba, kwa sababu ndo Mpemba, mtu wa Wete, alikuja mjini akasoma fidla pale skuli ya muziki ya Dhow Countries wakati iko kwenye jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani. Wa tatu tulimwita Fundi, yeye ndo wa maiki na waya na spika, ndo didjei jukwaani, na ndo aliyekuwa anajua kuzungumza na wenye mahoteli. Studio yetu ilikuwa chumba cha uani Kikwajuni, paa la mabati, na mvua ya masika ikinyesha hapana cha kurekodi, unakaa unasubiri.

Ila siku moja hatukusubiri. Mpemba alikuwa kashika kitu kwenye fidla, kipande kidogo tu kama cha sekunde nane, anakirudia rudia, na mvua ikaanza, Fundi akasema tusimame, mie nkasema wacha iende. Fundi mwenyewe ndo alieka maiki, akaisogeza karibu na fidla kupunguza mabati, tukarekodi. Baadae kwenye kusikiliza mvua ipo wazi, imo mule ndani kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Fundi akataka kuisafisha na plagini, nikakataa, tukabishana usiku mzima kwa kitu cha sekunde nane. Mwisho hatukuitumia kabisa. Ilikaa kwenye folda.

Ntasema vitu viwili nlivyojifunza kwa yule Mpemba, maana hivi hapana video ya intaneti iliyonifundisha.

Cha kwanza ni kuhusu kunyoosha. Kila programu ya muziki ina kitufe cha kuvuta mapigo yaangukie kwenye mistari. Ukiwa kwenye mwendo wa 120, pigo moja la kiki, ile ngoma nzito ya biti, linachukua nusu sekunde, ukiligawa mara nne kila kipande ni milisekunde 125. Mkwasa tuliorekodi kwa wazee ulikuwa unaangukia nyuma ya mstari, kama milisekunde 15 hivi, wakati mwengine zaidi, na si kila mara sawa. Mie nikaona ni makosa, nikabonyeza kitufe, kila kitu kikakaa kwenye mstari safi. Mpemba akaeka fidla chini akasema, "Yakhe, umeiua." Hakueleza. Nikarudisha, nikabonyeza tena, nikarudisha, mara kumi labda, ndo nikasikia, ule ucheleweshaji ndo unaomfanya mtu anyanyue bega. Tangu siku ile kiki naiacha kwenye mstari, iwe kama ukuta, na mkwasa na cherewa naziacha zitembee zinavyotaka kuegemea ule ukuta.

Cha pili sauti zenyewe. Kibodi ya kawaida ina sauti 12 kwenye oktavu, basi. Mpemba akipiga makamu ya rasti, yaani ngazi moja ya sauti za Kiarabu, sauti ya tatu na ya saba zinakaa katikati, si za juu si za chini, robo. Mie nikieka sinthi yangu, kile kinanda cha ndani ya kompyuta, chini ya fidla yake zinagombana, na watu wasiojua muziki hata kidogo wanakunja uso bila ya kujua kwa nini. Nikajifunza kuzishusha hizo noti mbili senti 50, yaani nusu ya hatua moja ya kibodi, kwenye sinthi, kwenye besi, kila pahala zinapotokea. Kazi ya kuchosha, wimbo mmoja unaweza kuimaliza wiki. Lakini siku ilipokaa sawa mara ya kwanza, besi ya umeme na fidla zikakutana kwenye ile sauti ya katikati, nlishikwa na baridi mgongoni, wallahi.

Sasa nieleze la Paje, kwa sababu hili bado linaniuma.

Ilikuwa 2017, baa ya ufukweni, watu wengi, wageni na wenyeji, upepo unavuma. Tukapiga wimbo wetu mmoja ambao fidla ndo kila kitu, na ile zamu ilikuwa ya kupigwa kutoka kwenye laptopu, Mpemba kasimama pembeni na fidla yake mkononi anasubiri wimbo unaofata. Wimbo ukaanza, kiki ipo, besi ipo, mkwasa upo, fidla hakuna. Yaani hakuna kabisa, kama hatujawahi kuirekodi. Mie namtazama Fundi, Fundi ananitazama, hapana aliyejua.

Kosa lilikuwa langu. Kwenye kumiksi nlitaka fidla iwe pana, nikatumia ule ujanja wa kugeuza upande mmoja, kushoto inasukuma wakati kulia inavuta, kwenye hedifoni inasikika imekuzunguka kichwa chote, tamu. Lakini mitambo mingi ya ufukweni sauti zake zinaunganishwa kuwa moja, spika ya kushoto na ya kulia zinatoa kitu kilekile, na zile pande mbili zikikutana moja inasukuma moja inavuta zinauana. Ndo fidla ikafa pale pale. Siku hizi sitoi wimbo bila ya kuusikiliza kwenye spika moja, na sauti yoyote nene, iliyo chini ya kama heizi 120, siitanui kabisa, inakaa katikati. Hichi mtu angenambia mapema ningemshukuru maisha.

Ila si hicho kinachoniuma. Tunarudi mjini saa nane usiku kwenye gari ya kukodi, Mpemba kakaa dirishani, kimya mpaka tumefika Tunguu, akaniuliza taratibu, "Kwani nlikosea pahala?" Alidhani tumemtoa. Alidhani mie na Fundi tumekaa bila yeye tukaamua wimbo uende bila fidla, na yeye atajua mbele za watu. Nikamueleza mambo ya pande mbili kuuana, akatikisa kichwa, sijui kama aliniamini. Na mie nikaelewa kwamba tuko pamoja miaka minne na hatujawahi kukaa chini kuzungumza nani ana nini kwenye hizi nyimbo. Tulikuwa tunaishi kwa kudhaniana.

Miaka ile kila Februari tulikuwa tunakwenda Ngome Kongwe kwenye Sauti za Busara, tunasimama karibu na meza ya mafundi sauti tunaangalia wanavyofanya, tunarudi tunaiga. Ni tamasha lililoanza 2004 na kwa mwanamuziki wa hapa ile ndo skuli ya wazi. 2016 halikufanyika, fedha zilikosekana, na ule mwaka nlihisi kama mtu aliyekosa mtihani. Nasema hivi kwa sababu kundi linaishi kwa kuwa na kitu mbele cha kukilenga wote. Kikiondoka kila mtu anaangalia upande wake.

Kilichotuvunja rasmi ni 2020. Machi ndege zikasimama, mahoteli yakafunga, sherehe za Kendwa na Paje zote kimya, na sie pesa yetu takriban yote ilikuwa inatoka ufukweni. Mpemba akapanda boti akarudi kwao. Fundi akapata kazi ya kufunga kamera za ulinzi. Hapana aliyesema kundi limekufa, lilizimika tu kama taa ya chemli iliyoishiwa mafuta. Visa vilikuja baadae, pale nlipotaka kutoa zile nyimbo zilizobaki.

Akaunti ya kutolea nyimbo kwenye mitandao ilikuwa kwa barua pepe ya Fundi. Jina la kundi lilikuwa kule. Namba za kutambulisha kila wimbo, zile ISRC zenye tarakimu na herufi 12, zote ziko kule, na pesa zinaingia kwake. Na kwa haki yake lazma niseme, yeye ndo alikuwa akilipa ada kila mwaka kwa hela yake na sie tunasahau hata kumuuliza. Alinambia jina ataendelea nalo. Nlikasirika sana, nikamwambia maneno nisiyoyapenda, naye akanijibu maneno asiyoyapenda. Lakini ukiniuliza leo karatasi iko wapi inayosema jina la nani, haipo. Zanzibar sheria ya hakimiliki ipo tangu 2003, ofisi ya kuandikisha kazi ipo, COSOZA, iko hapa hapa kisiwani, na sie miaka saba hatukwenda hata siku moja. Hatukwenda kwa sababu tulipendana. Mtu ukimpenda unaona haya kumwambia tuandike.

Na mafaili. Hapa naomba kila prodyuza anisikilize vizuri. Tulikuwa na nyimbo 19 ambazo hazijatoka. Mie nlikuwa nazo zote kwenye hadi diski, nikajiona tajiri. Nikaeka programu upya kwenye laptopu mpya, nikafungua ya kwanza, nusu ya sauti hazipo. Faili la projekti halina sauti ndani yake, lina maelezo tu, chukua sinthi ile, chukua sampo ile kwenye folda ile, na ile sinthi ilikuwa ya kukopi kwenye mashine ya Fundi ambayo ilishakufa. Katika 19 nyimbo tatu tu ndo tulikuwa tumezitoa kila chombo peke yake kwa WAV, faili la sauti yenyewe. Tatu. Zile 16 zipo kama mifupa. Sasa hivi wimbo ukifika nusu natoa kila njia peke yake, ubora wa biti 24, zote zinaanzia sifuri hata kama chombo kinaingia dakika ya tatu, ili hata mtu wa programu nyengine akizipanga tu zinakaa sawa, na naeka diski mbili, moja kwangu moja kwa dada yangu Bububu.

Katika folda za zile tatu zilizosalimika, moja ilikuwa na kile kipande cha fidla na mvua ambacho hatukukitumia.

Nikaanza peke yangu. Onesho la kwanza lilikuwa Jambiani, ufukwe umeanza kufunguka, dakika arubaini, na nnakumbuka sikunyanyua macho. Kwenye kundi ukikosea unamtazama mwenzako, anacheka kwa macho, unaendelea. Pale napandisha wimbo nateremsha wimbo, nimeinamia skrini kama mtu anayesoma barua ya msiba. Mwenye pahala alinilipa vizuri, akanambia wiki ijayo niongeze amapiano. Sina ugomvi na amapiano, ni muziki wa watu wa Afrika Kusini na wameufanya kwa ufundi mkubwa, lakini nikaona hapa nikikubali kila wiki baada ya mwaka ntakuwa nani? Nlikuwa nikiwaangalia wenzetu wa Dar na singeli yao, mwendo wa 200 mpaka 300, hawakuupunguza ili mgeni aelewe, na 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikazitoa kazi za studio ya Sisso, studio ya singeli ya huko Dar, vilevile zilivyo, na watu wa Ulaya wakaufata mwendo ule ule. Kwenye kundi hili jambo tungelijadili mpaka asubuhi. Peke yangu nililijadili na mto wa kulalia.

Na hapo ndo nikakwama na ule wimbo wa miezi saba. Nlikuwa nimechukua kipande cha fidla na mvua nikakijengea wimbo mzima. Kila chombo nakiamua mie, kila sauti naipima mie, na sikio langu limechoka halijui tena. Ukiusikia wimbo mmoja mara mia tano huusikii, unasikia kazi uliyoifanya. Wazee wetu walilijua hili. Watu wanamtaja Siti binti Saad alivyokwenda Bombay 1928 kurekodi, na ni haki yake, sauti ile ni yake, lakini nyuma yake kulikuwa na kina Subeti, Budda, Mbaruk, Maalim Shaaban, watu wazima wenye masikio, wanamsikiliza kila siku. Jina moja limebaki mdomoni kwa watu. Ile kazi haikuwa ya mtu mmoja hata siku moja.

Nikaenda kumtafuta yule mzee wa sanduku, yule wa harusi za wakati wa kiza. Nikamkuta Ng'ambo barazani kwake na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wa nani weye?"

Nikamtajia babu yangu, akanijua, nikakaa. Nikamwambia nina wimbo nataka ausikilize, akasema haya, nikaupiga kwenye simu, simu nimeishika mkononi tu, vespa zinapita, watoto wanacheza mpira. Akasikiliza wote. Kisha akaniuliza, "Mbona sanduku silisikii?"

Na lilikuwepo! Ndo kitu kikubwa kuliko vyote, kwenye spika za chumbani kwangu kuta zinatetemeka. Lakini besi yangu yote ilikuwa chini kabisa, heizi 50, 60, na spika ya simu haiwezi kuzitoa hizo, kwake yeye wimbo hauna sanduku, na watu wengi siku hizi wanasikilizia nini kama si simu? Nikarudi nyumbani nikaikwaruza ile besi kidogo, nikaiongezea ukali ili izae sauti za juu yake, zinazopanda mpaka 300 na zaidi, ambazo simu inazitoa, na sikio likizisikia hizo linaijaza yenyewe ile ya chini. Nikamrudia kesho yake alasiri. Akatabasamu tu, akasema, "Eee."

Sasa mara hii sikumtazama usoni. Nlimtazama mguu. Alikuwa kavaa kandambili, mguu wa kulia, na wimbo ulipoanza vidole vyake vikaanza kupiga chini taratibu, si kwenye kiki, nyuma yake kidogo, pale pale mkwasa unapoangukia. Nikakodoa macho kwenye kile kidole gumba. Kikaenda, kikaenda, halafu kikasimama. Nikaangalia simu, dakika ya pili na sekunde kumi. Wimbo uliendelea na mzee aliendelea kusikiliza kwa adabu, lakini mguu haukurudi tena.

Sikumuuliza kitu. Nikaenda nyumbani nikafungua dakika ya pili na sekunde kumi, na pale palikuwa na sinthi nliyoiongeza mwezi wa nne, nzuri sana, nlijivunia, ilinichukua siku tisa. Nikaitoa. Siku ya tatu nikarudi kwa mzee, mguu ukapita dakika ya pili, ukapita ya tatu, ukasimama tatu na arubaini. Na wimbo wangu ulikuwa wa dakika sita. Usiku ule nikaukata tatu na arubaini, nikaziacha fidla na mvua zimalizie peke yao sekunde chache, basi. Sikugusa tena. Baadae nikamuomba mzee anipigie sanduku lake la kweli, nikalirekodi pale pale barazani, nikamlipa kwa kazi ya siku ile, na nikamwambia atakuwa na fungu kwenye wimbo wenyewe pia, akaniuliza fungu la nini na mie nikamueleza mpaka akaelewa, maana sitaki tena kuishi kwa kudhaniana na mtu.

Kabla ya kuutoa nikaandika karatasi. Mie asilimia 40, Mpemba 25, mzee 15, Fundi 20. Kwa Fundi nlifikiri sana, kwa sababu tulikuwa hatusemezani, na mtu angeniambia alifanya nini kwenye huu wimbo? Lakini ile maiki aliieka yeye. Kama si yeye kuisogeza, mvua ingeifunika fidla na hapana kipande.

Nikamtumia Mpemba wimbo na picha ya karatasi. Akanipigia saa hiyo hiyo, mwaka mzima hatujazungumza, na nyuma yake nasikia watu wanageuza karafuu juani, zile fagio kwenye majamvi. Hakusalimia vizuri hata. Akasema, "Yakhe, huku nyuma ya fidla, hii si mvua ya Kikwajuni?"

Nkamwambia ndo ile.

Akanyamaza. Nikasikia anaupiga tena kwenye simu nyengine, wimbo unatoka huko Wete unanirudia sikioni, umejaa upepo. Ulipofika mwisho akaniuliza, "Fundi umempelekea?"

"Bado."

"Mpelekee."

Nlimpelekea usiku ule, wimbo na karatasi, bila ya maneno mengi, salamu tu. Akajibu baada ya siku mbili. Aliandika kwamba yeye alieka maiki tu, nimuandikie kumi, na ile kumi nyengine nimpe mzee wa sanduku.